Mavi ya Chuma ya Buhaya

Ukilima shamba la migomba kule Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, jembe laweza kugonga kitu kizito, cheusi, chenye matundumatundu. Mtoto atakitupa pembeni. Kumbe ni mavi ya chuma, masalio ya tanuri, na mengine yana umri wa karibu miaka 2000! Hivi ndugu msomaji, sisi shuleni tulikaririshwa nini? Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza, basi.

Kazi hii iliuawa na bei. Majembe ya Ulaya yalipojaa madukani wakati wa ukoloni, nani angehangaika kukata miti, kuchoma makaa na kuvukuta mchana kutwa? Kati ya miaka ya 1920 na 1930 matanuri yakapoa. Kule Ufipa mambo yalikwenda hivyohivyo.

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, akawaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri tena. Kitabu hakikuwepo. Kila kitu kilikuwa kichwani na mikononi, na mikono yenyewe ilikuwa imepumzika miaka hamsini hivi. Wakachimba shimo, wakalijaza matete yaliyochomwa. Ukuta wakaujenga kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Kisha wakapenyeza mirija ya udongo hadi ndani kabisa, mivukuto ikaanza. Mara za kwanza chuma kiligoma. Huyu anakumbuka hili, yule anakumbuka lile, wakabishana wee, mpaka kikatoka.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba moto ule ulipita nyuzi 1800 za Selsiasi, eti kwa kuwa upepo ulipashwa joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wakapinga hoja hiyo ya upepo. Mimi mabishano hayo nayapenda, maana yaliwezekana kwa kuwa wazee walikuwa bado hai. Wangechelewa miaka 20 tu, wangebishania mawe.

Kinachoniudhi ni kwamba maelezo mengi yamo katika Kiingereza. Mhunzi wa leo anachukua springi ya gari bovu, anaitia motoni, anakutolea panga safi. Kufua chuma anajua. Kukitoa kwenye jiwe, hapana.