Samuel Armstrong: Mwanajeshi Aliyefungua Shule na Kuiwekea Mpaka

Katika shule ya upili nilifundishwa kwamba Shule ya Jeanes, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1925, ilikuwa mpango wa serikali ya kikoloni. Ni kweli, lakini mzizi wake uko Marekani. Katika insha hii ninaufuata hadi kwa Samuel Chapman Armstrong.

Armstrong alizaliwa mwaka 1839 katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Baba yake alikuwa mmisionari, na baadaye akasimamia elimu katika ufalme wa visiwa hivyo. Alipomaliza Chuo cha Williams mwaka 1862, Armstrong alijiunga na jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Alipigana Gettysburg, kisha akaongoza vikosi vya askari weusi. Baada ya vita alipelekwa Hampton, Virginia, kuwahudumia watu waliotoka utumwani, na mwaka 1868 akafungua huko shule ya ualimu na kilimo.

Wanafunzi wa Hampton walisoma huku wakifanya kazi mashambani na katika karakana ili kulipia masomo yao. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alifika hapo mwaka 1872 akiwa karibu hana kitu. Mwaka 1881 Armstrong alimpendekeza aongoze shule mpya ya Tuskegee. Mafanikio hayo hayawezi kupuuzwa.

Hata hivyo, Armstrong aliamini kwamba watu weusi wajengwe kwanza tabia kupitia kazi, na kwa muda wakae kando na siasa. Hapo ninatofautiana naye. Aliyewaongoza askari weusi vitani alipaswa kujua kwamba wanaoweza kuifia nchi wanaweza pia kushiriki kuiongoza.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton. Tume ilipendekeza elimu ya mfano huo kwa Waafrika, na mwaka uliofuata Jeanes ikaanza kuwaandaa walimu wa shule za vijijini.

Kwa kuhitimisha, simlaumu Armstrong kwa kumpa mwanafunzi jembe. Kazi ya mikono si aibu. Kosa ni kumwamulia mtu mwisho wa elimu yake kwa rangi yake. Leo, tunapojadili Mtaala wa Umilisi nchini Kenya, tunapaswa kuuliza ni watoto wa nani wanaoelekezwa kwenye karakana, na ni nani anayewachagulia njia hiyo.