Jangwa la Matajiri na Wenyeji Wake

Ukimtajia mtu wa kwetu jangwa, kinachomjia kichwani ni kiu, ngamia na mchanga usio na mwisho. Lakini huko California, nchini Marekani, lipo jangwa ambalo likitajwa tu, watu huona bwawa la kuogelea, bilauri yenye barafu na mwigizaji wa sinema aliyejilaza akiota jua. Mahali hapo panaitwa Palm Springs. Msikilizaji mmoja aliniuliza iliwezekanaje mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 45 pakageuka kuwa pa matajiri kutumbua fedha zao. Swali lake ni zuri, ila jibu ni refu kuliko alivyotarajia, maana ndani yake umo ugomvi wa ardhi, na ugomvi wa ardhi haumalizwi na kipindi cha dakika kumi.

Tuanze na maji. Chini ya mlima San Jacinto, ambao kilele chake kinapita mita 3,300, kuna chemchemi ya maji moto. Wahispania waliiita Agua Caliente, yaani maji moto, lakini kabla yao watu wa kabila la Cahuilla walikuwa wameshaipa jina lao, Séc-he, kwa mlio wa maji yanayochemka. Watu hao ni miongoni mwa wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Hawakuwa watu wa kutangatanga kama sinema zinavyotuonyesha. Walichimba mifereji, wakalima mahindi, maharage na maboga, na jua lilipozidi walipanda kwenye makorongo yenye vivuli na vijito. Mwaka 1863 ndui iliwapiga vibaya, na waliobaki walikuwa wachache.

Kisha ikaja reli. Serikali ya Marekani, ili kuivutia kampuni ya reli ya Southern Pacific kupitisha njia yake jangwani, iliigawia ardhi kwa mtindo ambao mcheza drafti yeyote atauelewa. Nchi ilikatwa vitalu vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640 kila kimoja. Vitalu vya namba witiri vikaenda kwa kampuni ya reli. Mwaka 1876 Rais Grant alianza kuwatengea wenyeji hifadhi yao, na mwaka uliofuata ikapanuliwa, na walichopewa kilikuwa hasa vile vya namba shufwa. Kwa hiyo ukisimama leo katikati ya mji huo, ukivuka barabara moja unaweza kuwa umetoka kwenye ardhi ya mtu binafsi na kuingia kwenye ardhi ya kabila. Lile bao la drafti bado lipo, ekari zipatazo 31,500 za hifadhi zikiwa zimetawanyika ndani na nje ya mji.

Wageni wa kwanza hawakufuata starehe hata kidogo. Walikuja kwa sababu ya vifua. Mwanasheria John McCallum alifika mwaka 1884 akiwa na mtoto mgonjwa wa kifua kikuu, kwa kuwa waganga wa zama zile waliamini hewa kavu ni dawa. Mwaka 1909 mama mmoja aitwaye Nellie Coffman alifungua Desert Inn, ambayo mwanzoni ilipokea wagonjwa, lakini baadaye akagundua kwamba tajiri mzima analipa vizuri kuliko tajiri mgonjwa. Usiku wa kuamkia mwaka 1928 ikafunguliwa hoteli ya El Mirador, yenye mnara wake, na waigizaji wa Hollywood wakaanza kumiminika. Mwaka 1934 waigizaji wawili, Charles Farrell na Ralph Bellamy, wakaanzisha klabu yao ya tenisi. Mwaka 1938 Palm Springs ikatangazwa rasmi kuwa mji. Frank Sinatra alijenga kwake mwaka 1947, na bwawa lake likachongwa kwa umbo la piano. Ya anasa nayaachia hapo, magazeti ya picha yameyaandika ya kutosha.

Sasa, chemchemi yenyewe ya maji moto iko kwenye kitalu chenye namba 14. Hiyo ni namba shufwa, kwa hiyo kitalu hicho ni cha kabila, na kiko ubavuni kabisa mwa katikati ya mji. Fikiria una shamba pembeni mwa mtaa mkuu wa maduka na mahoteli, kisha sheria inakuambia huruhusiwi kulikodisha kwa zaidi ya miaka mitano. Ni benki gani itamkopesha mtu fedha za kujenga hoteli ya ghorofa kwenye ardhi ya miaka mitano? Hakuna. Wenye mali wakabaki maskini juu ya utajiri wao. Hata kugawiwa viwanja kila mmoja kwa jina lake ilikuwa taabu, mpaka mzee mmoja wa kabila hilo, Lee Arenas, alipoishitaki serikali, na Mahakama Kuu ya Marekani ikamwunga mkono mwaka 1944.

Kwa kuwa hoteli hazikuweza kujengwa pale, wenyeji walipangisha vipande vidogo vidogo kwa watu wa chini. Nao walikuwa nani? Ni wale waliotandika vitanda vya El Mirador, waliopika, waliofua, waliokata majani ya bustani na kubeba matofali ya hizo nyumba za waigizaji. Wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi na watu wa asili ya Meksiko. Hati za nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na masharti ya kukataza mtu asiye mweupe kununua au kupanga, kwa hiyo Kitalu Namba 14 ndicho kilichobaki. Walijijengea vibanda na nyumba za mbao, wakajenga makanisa, wakalea watoto. Lami haikufika huko, na maji safi na mifereji ya maji machafu ilikuwa ya kubahatisha, ingawa maji ya mabwawa ya kuogelea hayakukatika ng'ambo ya barabara.

Katika miaka ya 1950 baraza la kabila liliongozwa na mwanamke, Vyola Ortner, na wajumbe wake wote walikuwa wanawake. Mama huyu na wenzake walikwenda Washington kudai haki ya kukodisha ardhi kwa muda wa maana. Wakaipata kwa mafungu: kwanza miaka 25, kisha mwaka 1959 miaka 99. Hapo ndipo thamani ya Kitalu Namba 14 iliporuka. Na hapo ndipo balaa mbili zilipoingia kwa mlango mmoja.

Balaa ya kwanza iliwaangukia wenye ardhi. Mahakama za wilaya, kwa hoja kwamba watu hawa hawajui kutunza fedha, ziliwawekea wasimamizi wa mali. Mtu mzima mwenye akili timamu akawa kama yatima, hana ruhusa ya kutia saini mkataba wa kiwanja chake mwenyewe. Wasimamizi hao walikuwa mawakili na wafanyabiashara wa mji uleule ulioimezea mate ardhi hiyo, nao walijilipa kutoka kwenye mapato ya wale waliodaiwa kuwalinda. Kwetu wapo wanaojua vizuri kisa cha baba mdogo anayekabidhiwa mirathi ya watoto wa marehemu. Tofauti ni kwamba huyu wa Palm Springs alikuwa na muhuri wa hakimu.

Balaa ya pili iliwaangukia wapangaji. Halmashauri ya mji ilitaka eneo lisafishwe, na kwa vibali vilivyotoka kwa wasimamizi walewale, tingatinga na kikosi cha zimamoto vikapelekwa. Ndiyo, zimamoto, nao walikwenda kuwasha. Nyumba zilibomolewa na mabaki kuchomwa. Wapo waliosimulia kwamba walitoka kazini jioni wakakuta majivu mahali walipoacha vitanda vyao asubuhi. Zoezi hilo liliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1960. Wengine walihamia kaskazini ya mji, wengine miji ya Banning na Beaumont, wakawa wanasafiri umbali huo kurudi kutandika vitanda vilevile.

Nataka nikae kidogo kwenye kazi ya mwandishi mmoja, kwa kuwa ni fani yangu. George Ringwald wa gazeti la Press-Enterprise la mji wa Riverside hakuangalia mabwawa. Alikwenda kwenye majalada ya mahakama, akahesabu nani alilipwa kiasi gani kwa kusimamia mali ya nani, kisha akaandika mfululizo wa habari ambao uliwatikisa mahakimu. Wakati naisomea stashahada yangu tulifundishwa sana kumwuliza mkubwa maswali, na kidogo sana kusoma majalada ya mkubwa. Mwaka 1968 gazeti lake lilipata tuzo ya Pulitzer kwa utumishi kwa umma, na mwaka huohuo utaratibu wa wasimamizi ukafutwa. Vilevile mwaka huo ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California ilitoa ripoti iliyoulaumu mji kwa maneno makali sana kuhusu uchomaji wa nyumba. Mashitaka ya jinai hayakufuata.

Tangu hapo wenye ardhi wamenyanyuka. Hoteli ilifunguliwa kwenye chemchemi mwaka 1963, kasino ikafuata mwaka 1995, na hoteli ile ya zamani ilipobomolewa mwaka 2014 waliibomoa wenyewe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba haki yao juu ya maji yaliyo chini ya ardhi inatokana na kuundwa kwa hifadhi yao, na Mahakama Kuu ikakataa kuligusa shauri hilo. Mwaka 2023 walifungua nyumba mpya ya kuogea maji moto, wakairudishia jina la Séc-he, na makumbusho yao pembeni yake.

Wapangaji walingoja zaidi. Mwaka 2021 halmashauri ya Palm Springs iliwaomba radhi rasmi. Mwaka 2022 sanamu ya Frank Bogert, aliyekuwa meya wakati wa sehemu ya uhamishaji huo, iliondolewa mbele ya jengo la mji, wafuasi wake wakilalamika. Mwezi Novemba 2024 mji ukakubali kulipa dola milioni 5.9 kwa waliofukuzwa na warithi wao, pamoja na mamilioni mengine kwa ajili ya makazi na biashara ndogondogo. Igawe fedha hiyo kwa watu wote wanaohusika, kisha uliza bei ya nyumba moja yenye bwawa katika mji ule. Baadhi ya waliosimama kudai malipo hayo ni wazee sasa, lakini siku nyumba zao zilipochomwa walikuwa watoto wa shule.