Neno "Ameruhusiwa" katika Sheria ya Madini ya Marekani

Sheria ya Marekani ya 1872 ilimpa mgunduzi wa madini haki juu ya ardhi ya serikali. Ile ya 1920, iliyohusu mafuta na makaa ya mawe, ilisema tu kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye huko ndiye msimamizi wa ardhi hiyo, "ameruhusiwa" kutoa vibali na kukodisha. Machi 1929 Rais Hoover alitaka mafuta yahifadhiwe. Waziri Wilbur akaagiza maombi ya vibali yakataliwe. Waombaji wakamshtaki, wakidai kwamba aliyetimiza masharti hanyimwi. Mwaka 1931 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kuwa kuruhusiwa si kuamrishwa. Kwa maana ya neno, uamuzi ulikuwa sawa. Lakini mwombaji hakuambiwa angoje mpaka lini.