MASHINI YA KUKATA CHUMA: YA KULALA NA YA KUSIMAMA

Wasikilizaji, leo twapenda kuwaeleza habari za mashini ambayo wengi hawaijui jina, walakini kazi yake huwa mikononi mwao kila siku, katika cherehani na bunduki na injini za motokaa. Nayo ni mashini ya milingi. Msidhani kwamba ni kinu cha nafaka. Katika kerezo, chuma ndicho kizungukacho, na kisu hakizunguki. Katika milingi, kisu ndicho kizungukacho, nacho ni gurudumu au kijiti cha feleji chenye meno makali. Na chuma, kilichobanwa juu ya meza, husogezwa kukiendea.

Zamani kazi hii ilikuwa ya tindo na tupa. Fundi alisugua saa nyingi ili apate uso mmoja ulio sawa, wala vipande viwili havikulingana kabisa. Bunduki ikivunjika, ilipasa kuchongewa kipande chake yenyewe, maana cha bunduki nyingine hakikuingia. Waunda silaha wa Marekani ndio walioona sana shida hiyo. Katika mwaka wa 1813 Simeon North alipatana na serikali kutengeneza bastola 20,000 ambazo vipande vyake vingeweza kubadilishana. Kwa tupa peke yake ahadi hiyo ilikuwa nzito mno.

Kwa muda mrefu sifa ya kuvumbua milingi alipewa Eli Whitney, na mwaka uliotajwa ni 1818. Lakini wanahistoria wa baadaye wamechunguza, wakaona kwamba mafundi kadha wa kadha, na North miongoni mwao, walishiriki kazi hiyo.

Mashini hizo za kwanza zilikuwa za kulala, yaani mhimili ubebao kisu ulilala sambamba na meza. Katika mwaka wa 1855 mashini iliyoitwa Lincoln ilitokea mjini Hartford, ikaenea sana. Hata katika 1861 Joseph R. Brown wa mji wa Providence, kwa kuwa mifereji ya keekee ilikuwa ikichongwa kwa tupa, alibuni milingi ambayo meza yake yaweza kugeuzwa upande, ikakata mifereji iliyosokotwa. Ya kwanza iliuzwa mwaka wa 1862.

Katika milingi ya kusimama, mhimili hushuka wima kama wa keekee. Katika mwaka wa 1938 Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, walitoa moja ambayo kichwa chake hukaa juu ya mkono uwezao kusogea na kugeuka. Ikapendwa na mafundi wa viwanda vidogo.

Basi, mwenye karakana ndogo nyumbani achague ipi? Ile ya kulala ina nguvu, kwa sababu mhimili wake hushikwa ncha zote mbili, usitetemeke. Yafaa kwa mifereji mirefu na meno ya gia, tena yaweza kubeba visu viwili au vitatu pamoja. Ile ya kusimama humwezesha fundi kukiona kisu kinapokata. Hutoboa, husawazisha uso, tena huchimba shimo lisilopenya, mara nyingi bila kukifungua chuma mezani.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini mwenye fedha za jembe moja tu hana budi kulijua shamba lake kwanza. Sisi twaona kwamba mwenye nafasi ya mashini moja, na kazi za namna nyingi, atafaidiwa zaidi na ile ya kusimama. Walakini akipata ya kulala iliyo nzima kwa bei nafuu, asiidharau. Baadhi yake hupachikwa kichwa cha wima, zikafanya kazi zote mbili. Wala asiitupe tupa yake, maana kila ukingo uliokatwa na mashini huachwa na makali, na hayo bado huondolewa kwa mkono.