Shule ya bweni ya michezo inafanyaje kazi? Mfano wa Alliance ya Mwanza

Kwa wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa, swali ni lile lile: dogo ana kipaji cha mpira, aachwe acheze au abanwe asome? Shule za bweni za michezo zinasema si lazima kuchagua. Mtoto analala shuleni, anaingia darasani kama wengine, na mazoezi yapo kwenye ratiba. Hapa Tanzania, mfano unaotajwa sana uko Mwanza: Alliance.

Alliance ni nini?

Alliance ni kundi la shule binafsi za msingi na sekondari jijini Mwanza, zenye kituo cha michezo. Mkurugenzi wake ni James Bwire, ambaye pia amewahi kuwa Meya wa Jiji la Mwanza.

Tofauti yake na shule nyingine zenye timu nzuri ni kwamba Alliance haikuishia kwenye mashindano ya shule. Ilisajili klabu, Alliance FC, ikapanda hadi Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2018/19. Upande wa wasichana kuna Alliance Girls, iliyocheza Ligi Kuu ya Wanawake.

Kwa nini bweni?

Kwanza ni umbali. Mtoto wa Nansio, Ukerewe, hawezi kuvuka ziwa kila siku kufuata mazoezi mjini. Hata anayekaa Kisesa au Igoma, akitoka shule apande daladala, afike nyumbani, achote maji, muda wa mpira umekwisha.

Pili ni mwanga. Mwanza jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Mazoezi ya kabla ya darasa yanaangukia gizani, kwa hiyo yenye maana hubaki ya jioni, kati ya mwisho wa vipindi na magharibi. Ni kama saa mbili au tatu tu. Anayelala shuleni anazitumia zote, kisha anakula na kuingia prepo. Wa kutwa, nusu yake inaishia barabarani.

Tatu ni chakula na usingizi. Kocha anajua mtoto kala nini na kalala saa ngapi.

Mbona mpira, sio gofu?

Mfumo huu haukuanzia kwenye mpira. Marekani, kituo cha IMG Academy cha Bradenton, Florida, kilianza mwaka 1978 kama shule ya tenisi. Leo ni shule ya bweni yenye michezo mingi, gofu ikiwemo. Mwanafunzi anasoma sehemu ya siku na kufanya mazoezi sehemu iliyobaki, lengo likiwa kupata nafasi ya chuo kikuu.

Tanzania gofu ina kikwazo cha viwanja. Uwanja kamili una mashimo 18, unataka eneo kubwa, nyasi za kutunzwa na maji. Viwanja vinavyojulikana zaidi viko mbali na ziwa: Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro. Tena vingi ni vya klabu za wanachama. Mpira unataka eneo la wazi na magoli mawili, ndiyo maana shule zikitaka kuanza zinaanzia hapo.

Pale ratiba zinapogongana

Hapa ndipo ugumu ulipo. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Ligi Kuu huanza karibu Agosti na kuisha Mei au Juni. Maana yake mtihani unaangukia katikati ya msimu.

Msimu wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20, kila moja ikicheza mechi 38. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Hadi Mtwara, kwenye nyumba ya Ndanda FC, ni zaidi ya kilomita 1,600. Mwanafunzi akiwekwa kwenye kikosi cha safari kama hiyo, anakosa vipindi vya siku kadhaa kwa mechi moja.

Njia salama ni kutenganisha ngazi. Walio shuleni wacheze timu za vijana na mashindano ya shule, na timu ya ligi iwe ya waliomaliza au wachache walio tayari. Serikali nayo ina mashindano yanayokwenda na kalenda ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mwaka 2018 yalifanyika Mwanza.

Nini kilitokea 2020?

Alliance FC ilidumu Ligi Kuu misimu miwili. Mwisho wa 2019/20, msimu uliosimama kwa sababu ya corona kisha ukaendelea Juni, timu nne zilishuka moja kwa moja: Alliance, Ndanda, Lipuli na Singida United. Mbao FC, nayo ya Mwanza, ilishuka baada ya mechi za mchujo. Jiji likabaki bila timu ya Ligi Kuu hadi Pamba Jiji ilipopanda mwaka 2024.

Klabu ya kawaida ikishuka, wachezaji hutawanyika. Kwa klabu yenye shule nyuma yake hali ni tofauti kidogo: timu imeshuka, lakini kesho yake kengele inagongwa na watoto wanaingia darasani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mfumo huu, ingawa huwezi kuiona kwenye msimamo wa ligi.

Na wapo waliopita Alliance FC wakasonga mbele. Dickson Ambundo alitoka hapo mwaka 2019 kwenda Gor Mahia ya Nairobi, na mwaka 2021 akatua Yanga.

Kwa nini shule isajili klabu?

Sababu ni sheria za FIFA. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Inayolipwa ni klabu iliyomsajili kupitia chama cha soka cha nchi. Shule iliyomfundisha bila kumsajili popote haipati kitu.

Sheria nyingine ni ya umri. Mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Ndiyo maana njia ya Kelvin John ilipitia shule. Mshambuliaji huyo alikwenda Uingereza kwenye Brooke House College, shule ya bweni yenye kituo cha soka, akasoma na kucheza huko. Juni 2021, alipotimiza miaka 18, akasaini KRC Genk ya Ubelgiji.

Waliofanya hivyo kabla

Kuchanganya shule na michezo si jambo geni kando ya ziwa. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Akiwa mwanafunzi alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya hapo, Olimpiki ya Moscow 1980, alipata fedha ya mita 5,000.

Filbert Bayi, aliyepata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye michezo hiyo hiyo, baadaye alianzisha shule zake mwenyewe Dar es Salaam na Kibaha. Hizo medali mbili ndizo pekee Tanzania imewahi kupata Olimpiki.

Kabla hujalipa ada: maswali ya kuuliza

• Matokeo yakoje? NECTA huweka matokeo ya kila shule mtandaoni, bure. Angalia ya miaka mitatu, usiridhike na mwaka mmoja. Wanaopata daraja la sifuri ni wangapi?

• Kocha ana leseni gani? Leseni za CAF zinaanzia D kwenda juu hadi A na Pro. Omba kuiona.

• Mtoto akiumia goti, nani analipa? Uliza kama kuna bima na mtu wa huduma ya kwanza uwanjani.

• Wiki ya mtihani mazoezi yanasimama? Jibu liwe kwenye ratiba iliyoandikwa.

• Akitakiwa na klabu, nani anasaini? Chini ya miaka 18 lazima mzazi au mlezi ahusike, na kwa sheria za FIFA mkataba wake haupaswi kuzidi miaka mitatu.

• Akiachwa kwenye timu, anabaki shuleni? Hasa kama alichukuliwa kwa ufadhili wa kipaji. Jibu lipate kwa maandishi.

Hili la mwisho ndilo wazazi wengi husahau kuuliza. Kikosi huanza na wachezaji 11, na kila mwaka wanaingia wapya. Wengi watakaovaa jezi ya shule hawatacheza Ligi Kuu. Hao ndio watakaohitaji kile cheti cha kidato cha nne kuliko mtu yeyote.