Ghala Lililokuwa Ardhini

Ukipita Mabatini wakati wa kiangazi, inua macho kwenye majabali. Huenda ukaona michembe imeanikwa: viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vinakauka kwa jua juu ya mwamba wa moto. Historia ya akiba ya chakula huku Mwanza naianzia hapo, maana Mwingereza alipoanza kupanga, Wasukuma walikuwa wameshapanga: michembe, na mtama na uwele vihengeni.

Mwingereza aliitwaa Mwanza kwa Mjerumani mwaka 1916. Reli ya Tabora ikafika 1928, pamba ikatamba, kwani ndiyo iliyolipa kodi. Miaka hiyohiyo nzige wakaivamia Afrika Mashariki, kisha bei za mazao zikaporomoka. Serikali ikataka mambo mawili yanayogombana: mkulima aongeze pamba, na asije bomani kulia njaa.

Dawa yake ikawa muhogo. Amri ilitoka bomani, ikapita kwa mtemi, ikamshukia mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, naye akazunguka kaya kwa kaya kukagua. Mkaidi alitozwa faini. Tuseme haki: sababu ilikuwepo. Nzige hula majani, mzizi ukabaki. Tena muhogo hukaa ardhini hata miaka miwili, hautaki ghala wala mlinzi. Ila hesabu ya bomani iliishia shambani. Kumenya, kuvundika, kuanika, kutwanga mpaka upate udaga wa kusongea ugali, hiyo ilikuwa kazi ya akina mama.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipotangazwa Septemba 1939, muhogo huo ndio uliokuwa ngao ya mashambani. Mijini na pwani walizoea mchele wa Burma. Wajapani walipoiteka Rangoon Machi 1942, mchele ukakatika. Mvua nazo zikagoma, na mwaka 1943 Afrika Mashariki ikabanwa na uhaba, watu wa mijini wakala kwa mgao.

Mimi naona serikali ilimpanga mkulima awe ghala la serikali, bila kumlipa hata senti ya pango. Na mazoea hayo hayakuondoka na bendera ya Mwingereza. Mwaka 1974, baada ya ukame, serikali yetu wenyewe ilipiga mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na kaya zikatakiwa tena kuonyesha ekari zao.