Seva za Bure Zina Mwenyewe: Historia Fupi ya Harambee ya Mashine

Wasee, leo hakuna mwanasiasa wala msanii. Leo ni stori ya mashine na nani analipa bili ya stima yake.

Ndani ya simu yako ya Android kuna Linux. Linux ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na mtu yeyote popote anaweza kuusoma na kutuma marekebisho. Sasa jiulize, kama yeyote anaweza kutuma, nani anahakikisha hajaharibu kitu?

Sana sana ni seva. Mtu akituma mabadiliko, hata ya mistari miwili, kuna seva mahali inaamka, inaijenga programu upya, inaipitisha kwa majaribio mengi kisha inatoa jibu: kijani, sawa, nyekundu, rudi ukarekebishe. Hiyo kazi inaendelea usiku na mchana, na si rahisi kwa pesa. Miradi mingi ya programu huria haina hizo pesa. Kwa hivyo tangu zamani wanategemea kampuni zenye seva nyingi ziwape nafasi bure.

Kukosa majaribio ya kutosha kunauma, na Aprili 2014 dunia iliona. Kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana, kulipatikana kosa lililobatizwa Heartbleed. Lilikuwa limeingia na toleo la 2012. Miaka miwili mzima mwizi angeweza kuchota siri kutoka kwa seva bila kuacha alama. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini waliokuwa wakiuangalia walikuwa wachache na mfukoni hawakuwa na kitu. Desemba 2016 Google wakazindua OSS-Fuzz: programu huria zinarushiwa data ya ovyo ovyo kwenye seva za Google, bure, ndio zivunjike hapo kabla mwizi hajazivunja.

Poa. Lakini hii stori ina upande mwingine.

Travis CI ilianzia Berlin, Ujerumani, mwaka 2011. Ilikuwa inaendesha majaribio ya programu huria bila kulipisha, na miradi mingi sana ikahamia huko. Januari 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani inaitwa Idera. Novemba 2020 wakatangaza kwamba bure isiyo na kikomo imeisha: utapewa kiasi fulani, ikiisha uombe. Sababu moja waliyotoa ni watu waliotumia hizo seva kuchimba sarafu za kidijitali. Yaani mtu anapewa jiko la jirani apikie watoto chakula, yeye anapikia chang'aa. Wenye miradi ya kweli ndio walibaki wakihangaika kutafuta kwingine.

Kisha kuna freedesktop.org, nyumbani kwa miradi inayofanya Linux ionekane kwa skrini, kama Mesa na Wayland. Mwanzoni mwa 2020 shirika la X.Org, linalowasimamia kifedha, lilipiga hesabu likaona bili ya seva inaelekea dola 75,000 kwa mwaka, na nyingi ni ya majaribio. Wakasema wazi kwamba wafadhili wasipopatikana, majaribio yatazimwa. Walikuja kuokolewa na mashine za bure za Packet, kampuni ambayo Equinix waliinunua mwaka huo huo. Miaka ikasonga vizuri. Halafu Equinix wakaamua kufunga hiyo biashara yote ya kukodisha mashine, na mwanzoni mwa 2025 freedesktop wakajua wana hadi mwisho wa Aprili kuhama. Wakahamia Hetzner ya Ujerumani. Hawakumtukana mfadhili, walimshukuru. Lakini somo walilipata: heri mradi ulipe seva zake wenyewe, na wafadhili wachange pesa, kuliko kukaa kwa nyumba ya mtu.

Hapo ndipo mimi nasimama. Sisi Wakenya tunajua harambee vizuri. Kuna shule ilijengwa na wazazi mia tano, kila mtu na mia yake, na kuna shule ilijengwa na mheshimiwa mmoja. Mheshimiwa akikosa kura, mabati yanabaki nusu. Seva ya bure kutoka kwa kampuni moja ni mabati ya mheshimiwa. Pokea, sema asante, lakini usijenge maisha yote juu yake.

Angalia Kubernetes. Mwaka 2018 Google waliahidi dola milioni 9 za matumizi ya seva zao kwa miaka mitatu, sehemu kubwa ikiwa ya majaribio. Baadaye Amazon nao wakaahidi dola milioni 3 kwa mwaka 2023. Wakiwa wawili, mmoja akichoka mradi hauzimi siku hiyo hiyo.

Na usiseme haikuhusu. Mimi niliacha chuo, hakuna maabara ya kompyuta inayonisubiri mahali. Kijana wa Kayole mwenye laptop ya mtumba na bando ya kupimia hawezi kujaribu programu nzito nyumbani. Anachoweza ni kutuma marekebisho yake, seva ya msaada iyapime, na akiona kijani anajua kazi yake imesimama sawa na ya mtu wa San Francisco. Siku hizo seva zikizimwa, wenye kampuni watanunua zao. Huyo kijana ndiye atafungiwa nje.

Kwa hivyo ukipewa seva ya bure, usiichezee. Na kama kampuni unayofanyia kazi inakula programu huria kila siku, uliza kwa mkutano: sisi tunachanga ngapi?